Masomo ya Jumamosi Kamalondo kuhusu chanzo cha harakati za haki za raia Marekani: tathmini ya mshiriki

Katika komine ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, nyuma ya duka moja la fotokopi, kuna chumba kirefu chenye mabenchi ambamo mwalimu mstaafu wa historia hufundisha watu wazima kila Jumamosi alasiri. Mzunguko uliomalizika hivi karibuni ulikuwa na masomo sita, na mada yake ilikuwa chanzo cha harakati za kisasa za kudai haki za raia za Wamarekani weusi. Ada ni franka 30,000 kwa mzunguko mzima, pamoja na kijitabu ambacho kila mshiriki hupewa siku ya kwanza. Nilihudhuria hadi mwisho, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama fedha hiyo inastahili kutolewa, ninajibu hapa kwa urefu: inastahili, hasa kwa ajili ya somo la pili, la tatu na la tano, ingawa somo la nne linahitaji kuandikwa upya na la sita lina haraka isiyo ya lazima.

Sifa kubwa ya masomo haya ni mahali yanapoanzia. Wengi wetu, kama tuliwahi kufundishwa habari hizi, tulisikia kwamba tarehe 1 Desemba 1955 huko Montgomery, katika jimbo la Alabama, mshonaji mmoja aitwaye Rosa Parks alikataa kumwachia mzungu kiti ndani ya basi kwa sababu alikuwa amechoka, kisha mchungaji kijana, Martin Luther King, akainuka na kuwaongoza watu. Mwalimu wa Kamalondo hafiki Montgomery hadi somo la tano. Kabla ya hapo anampitisha msikilizaji katika miaka zaidi ya 30 ya kazi ya watumishi wa reli, mawakili, wanafunzi, askari waliorudi vitani na akina mama, na basi la Montgomery linapowadia, msikilizaji anaelewa ni kwa nini mji mzima uliweza kugoma siku nne tu baada ya mtu mmoja kukamatwa. Mji haupangiki kwa siku nne. Ulikuwa umekwisha kupangwa, na kuonyesha ni nani aliyeupanga ndiyo kazi ambayo mwalimu huyu ameifanya kwa uaminifu.

Somo la kwanza sitakaa nalo sana. Linaeleza hukumu ya mwaka 1896 katika kesi ya Plessy, ambamo Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba majimbo yanaweza kuwatenga watu kwa rangi mradi huduma ziwe sawa, usawa ambao haukutekelezwa. Linaeleza jinsi watu weusi wa Kusini walivyonyimwa kura kwa kodi na kwa mitihani ya kusoma. Linataja kuundwa kwa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mwaka 1909, kisha linagusia mamilioni waliohama mashamba ya Kusini kwenda miji ya viwanda kama Chicago na Detroit. Hayo yote ni sahihi na ya lazima, lakini yanasomeka katika kijitabu bila mwalimu. Jambo moja tu alilolikazia lilinifaa baadaye: mtu mweusi aliyehamia Chicago alipata kura aliyonyimwa Mississippi, na wanasiasa wa Washington walianza kuihesabu kura hiyo.

Somo la pili lina uzito wa namna nyingine. Linahusu watumishi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, wanaume weusi waliotandika vitanda, kung'arisha viatu na kubeba mizigo ya abiria weupe katika treni zilizovuka nchi nzima. Abiria wengi waliwaita wote George, jina la mwenye kampuni, kana kwamba hawakuwa na majina waliyopewa na wazazi wao. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wafanyakazi mjini New York chini ya A. Philip Randolph, na iliwachukua miaka 12, hadi 1937, kuilazimisha kampuni itie sahihi mkataba nao. Katika mji kama wetu, uliokuzwa na reli na shaba, maelezo haya hayahitaji kurahisishwa. Wazee wa reli waliokaa benchi la mbele walimkatiza mwalimu mara kwa mara kwa maswali ya mishahara, ya saa za kazi na ya bahashishi, naye aliyajibu kwa subira, akionyesha kwamba mtu anayeishi kwa bahashishi anafungwa mdomo kwa sababu chakula cha watoto wake kinategemea tabasamu lake mbele ya abiria. Alieleza pia kwamba watumishi hao walisafirisha magazeti ya watu weusi, hasa Chicago Defender, hadi vijiji vya Kusini ambako hayakupendwa na wenye mamlaka, na kwamba mmoja wao alikuwa E. D. Nixon wa Montgomery. Jina hilo aliliacha pale, bila maelezo zaidi, na lilipojitokeza tena katika somo la tano chumba kizima kililitambua.

Somo la tatu, kuhusu vita, ndilo ningemshauri mtu ahudhurie hata kama hana nafasi ya kuhudhuria mengine. Mapema mwaka 1941 viwanda vya silaha vya Marekani vilikuwa vikiajiri watu kwa wingi, lakini milango mingi ilifungwa kwa weusi. Randolph alitangaza kwamba tarehe 1 Julai ataleta watu 100,000 kuandamana mjini Washington. Rais Roosevelt hakutaka kuyaona maandamano hayo, na tarehe 25 Juni alitia sahihi amri namba 8802 iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya ulinzi na katika ajira za serikali kuu. Randolph naye akayasitisha maandamano. Mwalimu aliuliza swali zuri: kwa nini rais aliamini tishio la mtu asiye na cheo cha serikali wala jeshi? Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa Jumamosi iliyotangulia. Mtu huyo alikuwa na chama chenye matawi katika miji ya reli, na watu wa chama hicho walikuwa wamethibitisha kwa miaka 12 kwamba hawachoki.

Kisha mwalimu akafanya jambo ambalo linafaa kufanyika katika mji huu hasa. Aliweka kando ya mwaka ule wa Washington mwaka ule ule wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma wakidai mshahara unaolingana na kupanda kwa bei za wakati wa vita, na tarehe 9 askari wa serikali ya kikoloni wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira, akauawa pamoja na wengine msemaji wao, Léonard Mpoyi. Mwalimu hakudai kwamba watu wa hapa walimfahamu Randolph, wala kwamba Randolph aliwafahamu wao, na uangalifu huo ninausifu. Alichokionyesha ni kwamba vita moja ilihitaji shaba ya hapa na viwanda vya kule, kwa hiyo iliwapa wafanyakazi wa pande zote mbili nguvu ambayo hawakuwa nayo kabla. Tofauti ni kwamba kule kulikuwa na kura, magazeti na chama kilichotambuliwa kwa mkataba, na hapa mkoloni alikuwa amehakikisha kwamba hakuna hata kimoja. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alisema kwa sauti ya chini kwamba baba yake alikuwa kambini mwaka ule. Hakuna aliyemhimiza aendelee, na mwalimu alimpa nafasi ya kunyamaza. Ninaamini hiyo nayo ni sehemu ya ufundi wa kufundisha.

Somo hilo linaendelea na askari waliorudi. Mwaka 1942 gazeti la Pittsburgh Courier lilikuwa limeanzisha kampeni ya ushindi wa aina mbili, yaani ushindi dhidi ya ufashisti ng'ambo na dhidi ya ubaguzi nyumbani, na katika miaka ya vita wanachama wa NAACP waliongezeka kutoka takribani 50,000 hadi zaidi ya 400,000. Halafu inakuja habari ya Isaac Woodard. Tarehe 12 Februari 1946, saa chache baada ya kuachishwa jeshini kwa heshima, huku bado amevaa sare, sajini huyo alibishana na dereva wa basi huko South Carolina, akakamatwa katika mji mdogo wa Batesburg, na mkuu wa polisi wa mji huo akampiga hadi akapofuka macho yote mawili. Baraza la wazee wa mahakama, wote weupe, lilimwachilia huru mkuu huyo wa polisi. Rais Truman alipoisikia habari hiyo aliunda kamati ya haki za raia mwishoni mwa mwaka 1946, na tarehe 26 Julai 1948 alitoa amri namba 9981 ya kuondoa ubaguzi jeshini. Lakini mwalimu hakuishia kwa rais. Alimfuata jaji aliyesikiliza kesi ile, J. Waties Waring, mzungu wa ukoo wa zamani wa Charleston, ambaye aliona haya kwa yaliyotokea mbele yake na ambaye mwaka 1951, katika kesi ya shule, aliandika akipingana na majaji wenzake kwamba utengano wenyewe ni kukosekana kwa usawa. Kumfuata mtu mmoja kutoka kesi hadi kesi, kwa miaka mitano, kulieleza mabadiliko ya fikra vizuri kuliko orodha ya tarehe.

Somo la nne, kuhusu mahakama, limenivunja moyo, na ninasema hivyo kwa sababu mada yenyewe ni nzito mno kutendewa hivyo. Mwalimu alizitaja kesi tano zilizosikilizwa pamoja na kuhitimishwa tarehe 17 Mei 1954 kwa hukumu ya Brown, majaji wote tisa wakikubaliana kwamba kutenga shule kwa rangi kunapingana na katiba; lakini alizitaja kwa kufuatana, jimbo kwa jimbo, bila kueleza ni mkakati gani ulioziunganisha. Charles Hamilton Houston, aliyekiongoza chuo cha sheria cha Howard na kumfundisha Thurgood Marshall, alipata sentensi mbili tu. Ilipasa kuelezwa kwamba mawakili hao walichagua kwa makusudi kuanza na shule za juu, ambako wanafunzi weusi walikuwa wachache na ambako jimbo lisingeweza kujifanya limejenga chuo cha pili kilicho sawa. Mwaka 1938 walishinda dhidi ya Missouri, na mwaka 1950 walishinda dhidi ya Texas na Oklahoma, ambako chuo kikuu kilikuwa kimemkubali mwanafunzi mweusi na kisha kumketisha peke yake, mbali na wenzake. Kila ushindi ulikuwa ukiondoa jiwe moja katika msingi wa hukumu ya 1896. Asiyeelezwa hatua hizo atadhani kwamba mwaka 1954 majaji tisa waliamka siku moja wakiwa na moyo mwema.

Hata hivyo kuna kurasa za kijitabu zinazookoa somo hilo, na ninamshauri mshiriki azisome nyumbani. Zinaeleza kesi ya wilaya ya Clarendon, South Carolina, iliyoanza kwa wazazi kuomba basi moja la shule, kwa sababu watoto weupe walikuwa na mabasi na watoto weusi hawakuwa na hata moja. Harry Briggs, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza katika kesi hiyo, alifukuzwa kazi katika kituo cha mafuta; mkewe naye akafukuzwa kazi yake; nyumba ya mchungaji Joseph DeLaine, aliyewahimiza wazazi, ilichomwa moto. Zinaeleza pia mgomo wa tarehe 23 Aprili 1951 huko Farmville, Virginia, ambako msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwatoa wanafunzi wenzake zaidi ya 400 katika shule iliyojengwa kwa ajili ya 180 hivi, ambamo baadhi ya madarasa yalikuwa vibanda vya mbao na karatasi za lami. Wanafunzi ndio waliowaita mawakili. Vijana wa sekondari waliokuwa chumbani wangelipenda kulisikia hilo likisemwa kwa sauti ya mwalimu.

Somo la tano linarudisha heshima yote. Linaanza na mauaji ya Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, huko Mississippi mwezi Agosti 1955, na uamuzi wa mama yake kuliacha jeneza wazi ili watu waone alichofanyiwa mwanawe. Halafu linaingia Montgomery kupitia mlango ambao wengi hawaujui. Tarehe 21 Mei 1954, siku nne baada ya hukumu ya Brown, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State na kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake weusi wa mji huo, alimwandikia meya barua akimwonya kwamba watu wanafikiria kususia mabasi. Barua hiyo ilitangulia kukamatwa kwa Rosa Parks kwa mwaka mmoja na nusu. Tarehe 2 Machi 1955 msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuinuka na akakamatwa, na viongozi wakaona afadhali wangoje. Parks mwenyewe hakuwa mshonaji tu: alikuwa katibu wa tawi la NAACP, aliwahi kufuatilia kesi za wanawake weusi waliobakwa, na kiangazi kile kile alikuwa amehudhuria mafunzo katika Highlander, shule ya kuwafundisha wanaharakati huko Tennessee. Baadaye alikanusha waziwazi kwamba alichoka mwilini zaidi ya siku nyingine.

Usiku wa kukamatwa kwake, Nixon yule wa reli alikwenda kumtolea dhamana, na Robinson alikesha chuoni na wasaidizi wachache akirudufu makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwataka watu wasipande basi Jumatatu. Mwalimu alieleza vizuri kwamba madai ya kwanza yalikuwa ya kiasi: madereva wawe na adabu, abiria wakae kwa kufuata nani amefika kwanza, weusi wakianzia nyuma na weupe mbele, na weusi waajiriwe kuwa madereva katika njia zao. Ni ukaidi wa wenye mji uliowasukuma wagomaji kudai utengano uondolewe wote. King, aliyekuwa na miaka 26, alimpigia simu mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, ambako weusi walikuwa wamesusia mabasi Juni 1953, ili ajue namna ya kupanga magari ya kuwabeba watu. Kuna pia Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi na ambaye pamoja na akina mama wengine walipika kuku, pai na keki, wakauza, na kuleta fedha kanisani ili kulipia mafuta ya magari. Mama mmoja muuza samaki katika soko la komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, alisema hapo kwamba hiyo ni likelemba, yaani mchango wa fedha wa kupeana kwa zamu, iliyogeuzwa silaha, na sidhani kama mwalimu angeweza kulieleza vizuri zaidi.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali na wenye heshima: je, kilichoshinda ni mgomo wa siku 381 au ni mahakama? Wanawake wanne, Colvin akiwa mmoja wao, walifungua kesi kupitia wakili kijana Fred Gray, na tarehe 13 Novemba 1956 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba utengano ndani ya mabasi haupatani na katiba. Siku hiyo hiyo mahakama ya Alabama ilikuwa ikiyapiga marufuku magari ya wagomaji. Mwalimu aliliacha swali wazi. Mimi naona siku hiyo yenyewe inatoa jibu: bila kesi, mgomo ungenyongwa kwa amri ya jimbo, na bila watu wapatao 40,000 wanaotembea kwa miguu, wanawake wale wanne wangebaki peke yao mbele ya nguvu iliyowafukuza kina Briggs kazini.

Somo la sita lilijaribu kufika hadi wanafunzi wa Greensboro walioketi katika mkahawa wa weupe tarehe 1 Februari 1960, pamoja na yaliyofuata. Hapo si chanzo tena, na muda haukutosha. Ningependelea saa hizo mbili zitumike kwa upande wa nje, ambao uliguswa kwa dakika chache: kwamba mwaka 1952 serikali ya Marekani yenyewe iliiambia Mahakama Kuu kwamba ubaguzi unaiharibia sifa duniani wakati wa kushindana na Urusi. Kwa mji ulio karibu na Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945, ushindani huo haukuwa habari ya mbali, na mwalimu mwenye uwezo wa kuunganisha mambo kama alivyofanya katika somo la tatu angeweza kutufikisha mbali.

Kuhusu huduma yenyewe, chumba ni safi na mwalimu huanza kwa wakati. Mabenchi hayana egemeo, hivyo wazee huumia mgongo kufikia saa ya pili, na wanaochelewa husimama, kwa sababu wanaoandikishwa ni wengi kuliko nafasi. Mwandaaji angepaswa kuweka kikomo. Umeme ulipokatika, somo liliendelea kwa mwanga wa dirishani bila malalamiko. Picha katika kijitabu zimefifia hadi nyuso hazitambuliki, jambo la kusikitisha kwa duka lenye mashine nzuri mlangoni. Masomo hutolewa kwa Kiswahili, na nyaraka za kijitabu ziko kwa Kifaransa na Kiswahili. Maswali hupewa nusu saa nzima, na akina mama hupewa nafasi ya kusema sawa na wanaume.

Ningewashauri walimu wa sekondari, watu wa vyama vya wafanyakazi na wanafunzi wa historia wajiandikishe mapema, walipe kwa awamu mbili kama inavyoruhusiwa, na wasome kurasa za Clarendon na Farmville kabla ya somo la nne ili waweze kumuuliza mwalimu juu ya Houston.